Darubini ya bunduki ndogo inapogoma: anza na skrubu, dukani nenda mwisho

“Shikamoo mjomba. Darubini imekufa.”

Mpwa wangu alinikuta uani, hapa Nachingwea, naanika mbaazi. Bunduki yake ni ya .22 (kipenyo cha risasi kwa inchi), ya boliti (komeo la kuvuta kwa mkono), ya bei nafuu, ina leseni yake, na kwake ndiyo ya kwanza. Darubini aliinunua kwa sababu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote kabatini. Alikuwa amepiga risasi 5 kwa mita 50, na karatasi aliyonionyesha ilikuwa na matundu 5 yaliyosambaa upana wa sahani ya wali.

Nikamwambia atoe magazini, avute boliti, anionyeshe chemba, pale risasi inapokaa. Tukaitazama wote wawili, tupu. Kisha nikaishika darubini kwa vidole viwili nikaisukuma mbele. Ikateleza. Vishikio, vile vyuma vyenye pete vinavyoifunga darubini juu ya bunduki, vilikuwa vya bomba la milimita 30, darubini yake ni ya milimita 25.4, na yeye pengo lile alilijaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kila risasi ilipolia, mpira ulinyumbuka na darubini ikahamia mahali papya.

Darubini nyingi ninazoletewa zikiitwa mbovu ni za namna hiyo: nzima, ila zimefungwa vibaya au hazikuifaa bunduki tangu mwanzo. Kwa hiyo nimepanga dalili hizi kuanzia zile unazoweza kuzitibu nyumbani kwa alenki (ufunguo wa pembe sita uliopinda), na habari ya kununua nyingine nimeiweka mwisho.

Kabla ya kugusa chochote

Toa risasi. Angalia chemba kwa macho na kwa kidole. Ukiondoka kwenda kunywa maji, ukirudi angalia tena.

Usiitumie darubini ya bunduki kutazamia watu, mbuzi wala nani anapita barabarani. Unakotazamia ndiko mtutu unakoelekea. Nimewahi kumwona kijana akimtazama jirani yake namna hiyo, akicheka, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Ukitaka kuangalia mbali, nunua darubini ya macho mawili.

Risasi ya .22 ni ndogo, lakini ikiruka huru inafika zaidi ya kilomita moja na nusu. Huku kwetu kinga nzuri ya nyuma ya shabaha ni kichuguu kikubwa cha udongo laini kisicho na mawe, au ukingo wa korongo. Shina la mkorosho halifai kuwa kinga, na uwanda wazi ndiyo usiseme.

Kumiliki silaha kunasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wanyamapori wana sheria yao ya mwaka 2009. Leseni ya bunduki haikupi ruhusa ya kuwinda. Nguruwe pori akiingia kwenye mahindi au muhogo, taarifa inakwenda serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori. Tena .22 kwa nguruwe ni kumjeruhi tu: atakimbilia kichakani na maumivu yake, na kesho atakutana na mtoto anayekwenda kuchota maji. Ninayoyaandika hapa ni ya kulenga shabaha na kujifunza.

Dalili ya kwanza: matundu yametawanyika, hayana mpangilio

Hili ndilo tatizo kubwa, na sababu zake ni nyingi, kwa hiyo zifuate kwa mpangilio. Ukirukia ya tatu kabla ya kumaliza ya kwanza utapoteza risasi, na risasi ni hela.

Anza na vishikio. Bunduki nyingi ndogo zina mifereji miwili iliyochongwa juu ya chuma, kutoka mmoja hadi mwingine milimita 11 hivi. Nyingine zina reli pana yenye mapengo ya kukingama, upana wa milimita 21 hivi. Vishikio vya reli pana havikai kwenye mifereji myembamba hata ukivibana mpaka alenki ipinde: vinauma kwa kingo tu, na vinaachia taratibu. Ukitaka kujua, chora mstari mwembamba wa penseli pale kishikio kinapokutana na chuma cha bunduki, na mwingine pale bomba la darubini linapotokeza kwenye pete. Piga risasi 10. Mstari ukiwa umeachana, usiendelee kuilaumu lenzi.

Dawa ni vishikio vya kipimo sahihi, basi. Mpira, karatasi ya sigara, kipande cha kopo, vyote nimeviona na vyote vinaachia. Futa mafuta yote kwenye mifereji, kwenye pete na ndani ya matundu ya skrubu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, maana chuma chenye mafuta kinateleza hata kikibanwa. Kisha kaza skrubu za pete kwa zamu, kama fundi anavyokaza nati za gurudumu la gari: huku kidogo, upande wa pili kidogo, mpaka mapengo ya pande zote mbili yalingane. Shika alenki kwa mguu wake mfupi, tumia vidole viwili. Ukitumia nguvu ya mkono mzima utaliminya bomba, na bomba lililominywa linabana vilivyomo ndani, na hapo umejitengenezea ugonjwa mwingine. Skrubu zinazoingia kwenye bunduki yenyewe ndizo zinazostahili kukazwa zaidi.

Zikishakuwa imara, geukia skrubu zinazounganisha chuma cha bunduki na mbao ya kitako. Watu wanazisahau. Mbao za huku zinavimba masika na kunywea kiangazi, na skrubu iliyokuwa imebana mwezi wa tatu unaikuta inacheza mwezi wa tisa kama jino la mtoto.

Halafu risasi. Bunduki ya .22 ina uchaguzi. Nyingine inapenda risasi za polepole, zilizo chini ya mwendo wa sauti ambao ni kama mita 340 kwa sekunde. Nyingine inapenda za kasi. Ukichanganya maboksi mawili tofauti kwenye magazini moja, matundu yatajigawa makundi mawili, nawe utasema darubini inarukaruka. Piga risasi 5 za boksi moja, kisha 5 za boksi lingine, kila moja na karatasi yake.

Mwisho ni wewe mwenyewe. Lala chini, weka mfuko wa mchanga mbele na mwingine mdogo chini ya kitako, pumua, vuta triga taratibu. Kama rafiki yako mwenye mkono mtulivu anapata matundu yanayofunikwa na kifuniko cha soda kwa bunduki hiyohiyo, hakuna cha kutengeneza kwenye chuma.

Matundu yako pamoja, lakini mbali na pale ulipolenga

Hii ni habari njema. Bunduki ni nzima, darubini ni nzima, imebaki kupiga ziro, yaani kurekebisha darubini mpaka risasi itue pale unapolenga.

Anza karibu, mita 25. Kama bunduki ni ya boliti, chomoa boliti, weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu kutokea nyuma mpaka uione shabaha katikati ya duara, kisha bila kuitikisa zungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba (mistari ya kulengea iliyomo ndani yake) ukae juu ya shabaha hiyohiyo. Utakuwa umejiokoa na nusu boksi la risasi.

Sasa hesabu. Darubini nyingi za bei nafuu kila “ka” moja (mlio wa hatua moja) ya kifundo inasogeza tundu milimita 7 kwa mita 100. Kwa mita 50 ni milimita 3 na nusu hivi, kwa mita 25 ni milimita 2 kasoro kidogo. Kwa hiyo kama kwa mita 50 matundu yako sentimita 7 chini ya alama, unahitaji “ka” 20 kwenda juu. Ukiwa mita 25 na kosa ni sentimita 7 hizohizo, ni kama 40. Mshale ulioandikwa UP kwenye kifundo unaonyesha tundu litakakokwenda, na wanaoanza wengi wanauelewa kinyume, wakidhani ni msalaba unaopanda. Piga risasi 3, pima katikati yake kwa rula, zungusha, piga tena 3. Usizungushe kwa kufuata tundu moja.

Ukimaliza mita 25, hamia 50 ukamalizie huko. Kwa .22 ningekushauri uishie hapo. Ukishapiga ziro mita 50, kwa mita 100 risasi inashuka sentimita 15 hadi 20 kutegemea aina yake. Kwa hiyo anayelalamika kwamba “darubini inadanganya nikienda mbali” hajadanganywa na darubini, ni mvuto wa dunia. Na kwa mita 5 utapiga chini pia, sentimita 3 au 4, kwa sababu darubini iko juu ya mtutu, na mstari wa kulenga na njia ya risasi bado havijakutana.

Kifundo kimefika mwisho na bado sijafika

Ukiwa na bunduki ya upepo ya kukunja mtutu, tatizo hili litakufikia mapema. Mitutu hiyo mara nyingi inaelekea chini kidogo tangu kiwandani, na darubini inaishiwa nafasi ya kurekebishwa kwenda juu. Dawa ni kishikio chenye mwinuko upande wa nyuma, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa bunduki ya risasi, fungua vishikio uangalie kama kimoja kimekaa mshazari kwenye mfereji. Kisha rudisha msalaba katikati: zungusha kifundo mpaka mwisho mmoja bila kulazimisha, rudi mpaka mwisho wa pili ukihesabu, gawanya kwa mbili, rudi nusu. Fanya na kifundo cha pembeni. Ukitaka kuhakikisha, punguza ukuzaji, simamisha lenzi ya mbele juu ya kioo cha kujitazamia kilicholala mezani, kisha chungulia. Utaona misalaba miwili, mmoja wa kweli na mwingine kivuli chake. Ikilaliana, uko katikati.

Usizoee kuishi na kifundo kilichofika ukingoni. Ndani kuna springi inayosukuma bomba dogo dhidi ya vifundo, na ukingoni springi hiyo haina nguvu. Ziro itahamahama.

Naona duara jeusi, au picha inakuja na kupotea

Jicho haliko mahali pake. Kila darubini ina umbali wake kutoka jichoni, na kwa hizi ndogo ni sentimita 8 hivi. Legeza pete, weka ukuzaji wa juu kabisa, funga macho, laza shavu kwenye kitako kama unavyolaza siku zote, kisha fungua macho. Msaidizi aisogeze darubini mbele na nyuma mpaka picha ijae yote. Shingo yako isitafute picha, ni darubini ndiyo inayokufuata.

Ukiona unainua shavu ndipo uone, vishikio ni virefu mno. Nunua vifupi. Lenzi ya mbele inatakiwa ipite juu ya mtutu kwa pengo dogo, karatasi nene iweze kupenya. Wanaonunua lenzi ya milimita 50 wanalazimika kuinua vishikio, na hapo ndipo shida ya shingo inapoanza.

Msalaba unahama nikitikisa kichwa

Weka bunduki tupu kwenye mifuko, usiiguse, lenga kitu cha mita 25. Sogeza kichwa juu na chini kidogo. Kama msalaba unatembea juu ya shabaha, darubini imepangwa kwa umbali mwingine. Darubini za bunduki kubwa kwa kawaida hupangwa kiwandani kwa yadi 100, karibu mita 91. Zile za .22 hupangwa kwa yadi 50 hivi. Za upepo huwa na pete ya kurekebisha mpaka mita 10 au chini.

Hii ndiyo sababu ya wengi wanaosema jana ilipiga vizuri leo haipigi: jana shavu lilikaa hapa, leo limekaa pale. Kama umeshanunua, jizoeze kuweka jicho katikati kabisa, kivuli cha pembeni kiwe sawa pande zote. Kama hujanunua, uliza kabla.

Ziro inapotea kila wiki

Umeshakagua vishikio, mbao, risasi. Sasa ijaribu darubini yenyewe. Karatasi kubwa mita 25, lenga alama moja tu muda wote. Piga. “Ka” 40 kulia, piga. 40 chini, piga. 40 kushoto, piga. 40 juu, piga. Inatakiwa upate mraba wa karibu sentimita 7 kila upande, na risasi ya 5 iangukie kwenye tundu la kwanza au jirani yake. Rudia mara mbili. Mraba ukipinda kila safari, au kifundo kikazungushwa bila kitu kutokea kisha risasi ikaruka yote kwa mkupuo, springi ya ndani imechoka. Hiyo sasa ndiyo darubini mbovu, na hakuna fundi wa simu wala wa saa atakayeirudisha.

Kwa wenye bunduki ya upepo yenye springi, huenda umeiua mwenyewe bila kujua. Bunduki hiyo inarudi nyuma, kisha pistoni ikifika mwisho inachupa mbele. Darubini zilizotengenezwa kuvumilia kusukumwa nyuma tu zinavunjika ndani kwa mshtuko wa pili, hata kama zinastahimili bunduki kubwa. Lazima boksi liseme ni ya bunduki ya upepo.

Ukungu na vumbi

Alfajiri ya Mikindani au Kilwa, unatoa bunduki ndani unakuta lenzi nyeupe. Futa nje kwa kitambaa laini. Ikifutika, ni umande. Isipofutika, ukungu uko ndani: gesi kavu iliyojazwa kiwandani imetoka na unyevu umeingia. Watu wanafukia darubini kwenye mchele. Itakauka siku mbili tatu, mvua inayofuata ukungu utarudi, kwa sababu mpira wa kuziba umeshachoka. Usiifungue.

Na kuna jambo la kwetu hasa, sijaliona likiandikwa popote: salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Kuanzia mwezi wa tano, watu wanapuliza unga ule shamba zima, na bunduki inahifadhiwa chumba kimoja na mifuko yake. Unga unatua kwenye lenzi, mtu anafuta kwa pindo la shati, na kila kupangusa ni mikwaruzo. Ukichanganyika na unyevu unakula skrubu. Niliwahi kufungua pete ambayo skrubu zake zilikuwa zimeshikana na kutu ya kahawia, kichwa cha moja kikabaki kwenye alenki na mwili ukabaki ndani. Hifadhi silaha mbali na stoo ya salfa, kwenye kabati lenye kufuli kama leseni inavyokudai. Kwenye lenzi puliza kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, kisha brashi laini, kitambaa kiwe cha mwisho.

Jioni sioni kitu

Chukua upana wa lenzi ya mbele, gawanya kwa ukuzaji. Darubini ya 4x32 (ukuzaji mara 4, lenzi ya milimita 32) inakupa 8. Ya 3-9x40 (ukuzaji wa kubadilisha, kutoka 3 hadi 9) ikiwa kwenye 9 inakupa 4 na ushee, ikirudishwa kwenye 4 inakupa 10. Namba hiyo ni upana wa mwanga, kwa milimita, unaofika kwenye jicho lako. Mboni ya kijana gizani hufunguka mpaka 7 hivi, ya mzee kama mimi 5 au pungufu. Kwa hiyo giza likianza, rudisha ukuzaji chini, usiuongeze. Na ikiwa hata hivyo huoni vizuri kilicho mbele yako, usipige. Shambani jioni kuna watu wanaorudi na kuni.

Ikibidi kununua

Mpwa wangu ilibidi abadilishe. Ile ya 6-24x50 ilikuwa nzima, lakini kwa mita 50 ukuzaji wa chini wa mara 6 ulimpa dirisha jembamba, na kila mpigo wa moyo ulionekana kama tetemeko. Alikuwa anatumia muda mwingi kuitafuta shabaha kuliko kuilenga.

Kwa anayeanza na bunduki ya bei nafuu nasema bila kusita: 4x32 isiyobadilika ukuzaji, iliyopangwa kwa umbali wa .22, bomba la milimita 25.4, na fedha inayobaki iende kwenye vishikio vizuri. Ukitaka ya kubadilisha, 2-7x32 au 3-9x40 ya kawaida inatosha. Kwa bei ileile, darubini yenye mambo machache ina lenzi bora kuliko yenye taa nyekundu, taa ya kijani na leza. Fedha imegawanywa, na aliyepunjwa ni kioo.

Dukani, iwe Masasi, Mtwara mjini au Dar es Salaam, usiridhike na boksi. Itikise sikioni: isilie. Ipeleke mlangoni, soma kibao cha ng’ambo ya barabara, angalia kama maandishi ya pembeni ni safi kama ya katikati. Zungusha vifundo, kila “ka” isikike na kuhisiwa kidoleni. Iegemeze juu ya kaunta, lenga ncha ya nguzo, badilisha ukuzaji: msalaba ukihama kwenye ncha, irudishe kabatini. Nenda na vipimo vya mifereji ya bunduki yako umeviandika kwenye karatasi, bunduki yenyewe ibaki nyumbani kwenye kufuli. Na kabla ya safari pitia ofisi ya polisi iliyokupa leseni uwaambie unachotaka kufunga juu ya silaha hiyo.

Wiki mbili baadaye tulirudi kwenye kichuguu kilekile. Tulichora duara kwa kifuniko cha soda kwenye karatasi ya daftari, mita 50, mifuko ya mchanga, darubini ya 4x32 kwenye vishikio vya mfereji. Alipiga 5. Matundu 4 yalikuwa ndani ya duara na la tano limegusa mstari. Akalichungulia lile la tano muda mrefu, akasema, “Hilo nilivuta triga kwa pupa, mjomba.” Tukachora duara jingine.